Gogo la Mzee Okelo

Mwezi uliopita, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Homa Bay, niliuona tena ule moto, safari hii ukiwa ukutani. Nilikuwa nimeitwa kufanya ukalimani kwenye kongamano kuhusu misitu, na baada ya chai mtu ninayemjua akasimama mbele na kuwasha projekta. Alikuwa Dokta. Ana jina lake, lakini nadhani hata mkewe humwita Dokta, na mimi nilimfanyia kazi mwaka mzima bila kumwita kingine. Alibonyeza kitufe na picha ikajaa ukuta: magogo yanafuka moshi, Mheshimiwa mbunge ameinamisha kichwa kwa heshima, na nyuma yake wazee wa kijiji wameketi wakipangusa macho. Chini yake maneno ya kijani yalisema kwamba maendeleo na utamaduni vinaweza kwenda pamoja. Ukumbi ulipiga makofi. Baadaye Dokta alinikumbatia mbele ya wageni na kusema, "Huyu ni binti yangu! Kazi nilimfundisha mimi mwenyewe." Nilitabasamu, kwa sababu uso wangu hutabasamu kabla sijauruhusu, kisha nikaenda msalani nikaitema sambusa niliyokuwa nimeshindwa kuimeza tangu ile picha itokee. Wazee wale hawakuwa wakilia. Macho yaliwawasha kwa moshi wa dizeli. Ukumbi mzima ulikwenda nyumbani na machozi ambayo hayakuwapo, na ndiyo sababu naandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu. Dokta alikuwa na kampuni ndogo ya ushauri, na serikali ilikuwa imempa kazi ya kuangalia kama mlima mmoja ulioko mpakani mwa Homa Bay na Migori ungefaa kujengwa hoteli ya kitalii, na barabara ya kupanda hadi kileleni. Nitauita mlima huo Got Siala. Si jina lake, lakini wenyewe wataujua. Msitu unaufunika kuanzia kiunoni kwenda juu, na ukoo unaoishi chini yake uliwahi kuishi ndani yake, mpaka serikali ya wazungu ilipowashusha na kupiga vigingi, kisha serikali yetu ikaja ikavipaka vigingi vilevile rangi mpya. Ukipanda bado unaona mawe ya kusagia na mistari ya mashamba ya zamani chini ya miti. Dokta alinichukua kwa sababu nilitoka Awendo, nilijua Dholuo, lugha ya Wajaluo, na, kama alivyosema mbele yangu akimwambia mtu kwenye simu, sura yangu haimtishi mtu. Kwa siku kadhaa niliitafakari sentensi hiyo. Nilijiuliza kama ni sifa, kama ni tusi, na kama kuna kazi nyingine ambazo ningezikosa maishani kwa sababu hiyohiyo.

Nilipangiwa kulala katika boma la Mzee Okelo, karibu kabisa na vigingi. Chumba changu kilikuwa upande mmoja wa jiko, na ukuta wa udongo uliotutenga haukufika juu, kwa hiyo moshi na maneno vilikuja kwangu bila kubisha hodi. Palikuwa na kitanda cha kamba, kalenda ya duka la mbegu, na kuku aliyeamini kwamba chini ya kitanda ni kwake. Asubuhi nilisikia mke wa mzee, Dani Sabina, akipuliza moto na kuugombeza kama mtoto mvivu. Dani ndiyo nyanya kwa Dholuo, na wote walimwita hivyo, hata watu wazima. Mimi aliniita Nyar Awendo, binti wa Awendo, na kila nilipopakua ugali kidogo alisema, "Nyar Awendo, huko kwenu mnakula sukari tu? Weka mkono vizuri." Tulikula omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka, mboga ya apoth inayoteleza, na ugali wa mtama na mihogo, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho. Mzee alikula polepole na kulalamika haraka. "Sabina, chumvi imekwenda wapi?" "Imekwenda Nairobi kutafuta kazi." "Basi ikipata itutumie kidogo." Nilicheka peke yangu upande wa pili wa ukuta, kisha nikahofia kwamba wamenisikia, kisha nikahofia kwamba wataacha kuongea kwa sababu yangu. Hawakuacha.

Siku moja Mzee Okelo alinipandisha mlimani kunionyesha mipaka ya zamani. Tulipofika kwenye bonde dogo lenye kivuli akasimama kando ya mzeituni wa porini uliokuwa umeanguka kwa upepo miaka mingi nyuma, mkubwa kuliko ng'ombe aliyelala, umekauka na kuwa wa kijivu. Aliketi chini, kwenye majani, akauegemea kwa bega. Hakuukalia. Mimi nilikuwa nimechoka, nikataka kukaa juu yake, na yeye akanishika mkono kwa upole akanielekeza kwenye jiwe. Jioni ile, kupitia juu ya ukuta, nikasikia sauti ya Dani imeshuka. "Umempeleka mtoto wa watu kwenye gogo?" "Tulipita tu." "Umelitaja?" "Nimekwambia tulipita. Mdomo wangu ulikuwa na kazi ya kuhema." Dani akasema, "Na bado halijakauka moyoni. Utangoja sana, mzee wangu." Mzee akamjibu, "Nina haraka gani? Omena wenyewe bado wako kwenye sufuria."

Nilishindwa kuvumilia, na kesho yake, tulipokuwa tukichambua omena kuwatoa mchanga, nikamuuliza Dani. Alinieleza akiangalia ungo, si mimi. Mzee wa Kijaluo akifa, huwashwa nje ya nyumba yake moto mkubwa unaoitwa magenga. Wanaume huketi wakiuzunguka, humzungumzia marehemu, na haumwagiwi maji. Unaachwa ufe wenyewe. Hilo nililijua, kwani ni la kwetu pia. Nilichokuwa sikijui ni cha ukoo huu wa Got Siala: kila mwanamume akishakuwa mzee huchagua gogo lake mwenyewe mlimani, mti ulioanguka bila kukatwa, na kulionyesha watu wa nyumba yake kwa kukaa karibu nalo tu. Tangu siku hiyo halitajwi mbele ya watu. Kulitaja mwenyewe akiwa hai ni kumwambia mauti kwamba kuni ziko tayari. Waliposhushwa kutoka msituni, mengi waliyaacha, lakini hili walilishikilia. Askari wa msitu wa zamani waliliona na kugeuza uso, mzee akifa gogo lake likashushwa na wanaume wa ukoo, na hakuna aliyeandika popote, kwa sababu kuandika ni kutaja. "Na mwanamke," Dani aliongeza, "hatoki nje ya lango la boma mpaka moto wa mumewe ufe wenyewe. Ukifa, ndipo anatoka, anakwenda sokoni, anakuwa mtu tena."

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu ya kilichotokea kwenye baraza la kijiji. Dokta alikuja na gari, viti vya plastiki na kreti za soda, akaketi chini ya hema, na mimi nikasimama kando yake kutafsiri. Sheria, alisema, inataka watu washirikishwe, kwa hiyo anataka kujua kila kitu wanachokitumia kutoka msituni, na chochote watakachokitaja kitalindwa. Nilitafsiri neno kwa neno, na nilijivunia jinsi nilivyolitafsiri neno "kulindwa." Wakaanza. Kuni kavu za kubeba kichwani, wakasema wanawake. Dawa. Maji ya chemchemi. Asali. Dokta alikuwa akiandika kwenye kompyuta yake. "Kingine?" Kimya. Wazee walikuwa wameketi mstari wa mbele, Mzee Okelo na mdogo wake Ajwang' na wengine, na kila mmoja alikuwa na gogo lake kule juu, na kila mmoja alikuwa hai. Ajwang' akatazama viatu vyake. Mzee Okelo akakohoa. "Hakuna kingine kabisa?" Mama mmoja mzee akasema, "Vingine Mungu anavijua." Nikatafsiri. Dokta akaandika neno moja, nikachungulia: ibada. Kisha akafunga kompyuta na kusema soda zigawanywe.

Ndani ya gari nilimweleza yote, nikirudia sentensi nilizozipanga kichwani muda wote watu walipokuwa wakinywa soda. Alinisikiliza akichokonoa meno. "Walisema?" "Hawawezi kusema, Dokta. Ndiyo maana yenyewe." "Basi hakuna. Msichana wangu, ripoti haiandiki kimya." Nikamwambia kwamba mimi nasema, kwa niaba yao. Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. "Wewe ni mkalimani. Wewe si jamii." Miaka hii nimeirudia hoja yake mara nyingi nikitafuta mahali ilipovunjika, na ubaya wake ni kwamba haikuvunjika popote. Ilikuwa nzima, laini, kama yai. Serikali iliwatoa watu hawa msituni ili kuulinda msitu, na ilipotaka kuukata ikawauliza waseme, kwa masharti yake, kwa lugha yake, ndani ya muda wa soda moja, ni nini wangependa wasikose. Walichoshindwa kukitamka kwa heshima ya wenyewe kikahesabiwa kuwa hawakuwa nacho. Na kila mtu aliyehusika alilala vizuri.

Mheshimiwa alikuja kuzindua kazi. Alisimama juu ya gari na kusema, "Mlima huu umelala tangu uhuru! Sasa tunauamsha!" Watu walipiga vigelegele, na sitawalaumu, kwa maana barabara ni barabara, na mgonjwa wa kule alibebwa kwa machela. Kisha seng'enge ikazunguka msitu, likawekwa lango, na langoni akawekwa askari wa msitu, kijana wa Kikuria aitwaye Chacha, mpole, ambaye kofia yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa. Hakujua Dholuo, kwa hiyo alizungumza na wanawake kwa Kiswahili, na Dani alipokwenda kuni alimchokoza kila mara. "Wewe Mkuria, ng'ombe wetu hukumaliza kuwaiba, sasa umekuja kulinda kuni?" "Mama, ng'ombe wenu wamekonda. Hata nikipewa bure nawarudisha." "Kwanza rudisha kofia kwa mwenyewe." Chacha aliwaruhusu kilichoruhusiwa: kuni kavu za kichwani, dawa, maji, asali. Vinne; ibada haikufika langoni. Kutoka juu tulisikia misumeno ya mwanakandarasi ikilia mchana kutwa, na jioni malori yakishuka na miti ambayo majani yake yalikuwa bado mabichi, na ambayo haikuwa kati ya vinne hivyo.

Mzee Okelo alikufa mchana, baada ya chakula, akiwa kwenye kiti chake. Dani alikwenda kumpa maji ya kunawa akamkuta amelala vibaya. Boma lilijaa kabla ya jua kutua. Asubuhi Ajwang' na wanaume wa ukoo walichukua kamba na shoka wakaenda langoni, na mimi nikaandamana nao kwa sababu ya Kiswahili. Sasa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekufa, gogo liliweza kutajwa, na Ajwang' alilitaja kwa sauti, karibu kwa furaha, kama mtu aliyebanwa kwa muda mrefu. Chacha alivua kofia, akasema pole, kisha akasema, "Lakini mzee, gogo halipo kwenye vitu vyenu. Ni kuni za kichwani tu." "Kijana, hilo ni la ndugu yangu!" "Naelewa, mzee wangu. Mkubwa wangu akisikia lori limebeba gogo lenu, mimi niko nyumbani kesho." "Si lori! Ni mabega!" Chacha alimpigia mkubwa wake. Tulisikia sauti ikifoka ndani ya simu. Alipokata, hakutuangalia. Lori la mwanakandarasi lilikuwa nyuma yetu likipiga honi tulipishe, na tukalipisha, wanaume wale wote na kamba zao, tukasimama pembeni kwenye majani huku miti ya mlima wao ikipita.

Dani aliniambia nimpigie Dokta. Nilimpigia. Alinisikiliza, akasema pole sana, akasema ataongea na Mheshimiwa mwenyewe, na mimi nikarudi jikoni nikiwa na matumaini, nikamwambia Dani, naye akaniminya mkono. Tulingoja. Siku moja kabla ya mazishi, mchana, tulisikia honi na muziki. Yalikuja magari makubwa matatu, na nyuma yake lori. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye uwanja wa boma likamwaga magogo mbele ya nyumba ya marehemu kwa kishindo kilichowafanya kuku warukie paa. Yalikuwa mabichi. Utomvu ulikuwa ukitiririka. Mengine yalikuwa ya siala, mti wa msitu ule, yaliyokatwa kwa msumeno, na moja lilikuwa na kiota ambacho bado kilikuwa kimeshika tawi. Mheshimiwa alishuka akasema kwamba amesikia kilio cha wananchi, kwamba yeye si mtu wa kusahau mila, na kwamba magenga ya mzee wetu yamegharamiwa na yeye. Watu wakapiga makofi. Dani alikuwa ameketi mlangoni pamoja na wanawake. Akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Hizi kuni ni za wapi?" Mheshimiwa akajibu akitabasamu, "Ni za mlima wetu, mama." Akasema "wetu." Nimewahi kuona mtu akijisaidia kando ya barabara na nikasikia kinyaa kidogo kuliko siku ile.

"Sizitaki," Dani akasema. Nadhani wengi hawakumsikia, kwa sababu muziki ulikuwa umewashwa tena. Vijana wa Mheshimiwa walipanga magogo, mmoja wao akaja na jerikeni. Magenga huwashwa na mwanamume wa nyumba hiyo, kwa makaa ya jiko la mwenye nyumba. Hili hata mtoto analijua. Kijana yule alimwaga dizeli akatoa kiberiti cha gesi. Dani akasimama. "Wewe! Wewe ni mtoto wa nani hapa?" "Mathe, relax," kijana akamwambia. "Hii moto itawaka tu." Ukawaka, kwa mlio, ukala dizeli, na dizeli ilipopungua magogo mabichi yakaanza kutoa moshi mzito mweusi na wa njano ulioingia ndani ya nyumba mpaka kwenye jeneza. Mpiga picha akawaita wazee wakae karibu. Wakakaa. Ajwang' alikaa mbele kabisa, macho yanatiririka, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa ameahidiwa kiti katika kamati ya hoteli, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyengoja maisha yake yote kuitwa kwenye kamati. Halafu Mheshimiwa na watu wake wakaingia nyumba ya Ajwang' kula kuku. Nilitumwa kupeleka maji ya kunawa. Mheshimiwa alikuwa akinyonya mfupa, anaongea na simu, na kwa mkono mwingine ananionyesha niache beseni. Nje waombolezaji walikuwa bado wanangoja chakula, wameziba pua kwa leso.

Tulimzika. Moto ule uliendelea kufuka siku ya mazishi, ukafa kesho yake ukiacha magogo meusi nje na mabichi ndani, na Dani hakutoka nje ya boma. Mwanzoni walidhani ni huzuni. Kisha Ajwang' akaja na mchungaji wa kanisa lake kumwambia kwamba moto umeshakufa wenyewe, hivyo yuko huru. Niliwasikia nikiwa kitandani kwangu, kupitia juu ya ukuta. "Haukufa," Dani akasema. "Uliishiwa na dizeli." Mchungaji akasema Mungu haangalii kuni. "Mungu sijamtaja, pasta. Nazungumza na shemeji yangu. Ajwang', wewe uliuwasha? Nakuuliza, makaa yalitoka jiko gani?" Ajwang' akasema dunia imebadilika. "Imebadilika," Dani akamwambia, "lakini Okelo hajaota moto, na mimi sijatoka." Watu walianza kumcheka. Walisema ukaidi huo ni wa kwao Uriri, alikozaliwa. Dada yake aliugua huko akashindwa kwenda kumwona. Karanga zake, ambazo kila wiki alizipeleka soko la Oyugis, zikaota ukungu kwenye gunia, na mimi nilizichambua pamoja naye tukitupa zilizooza, harufu yake ikaganda kwenye vidole vyangu. Kazi ya Dokta ilikuwa imekwisha, na ningeweza kuondoka. Nilijiambia nabaki kwa sababu bado sijapata kazi nyingine. Kila asubuhi niliamka nikiwa na hotuba kichwani ya kumwambia kwamba anaweza kutoka tu, kwamba hakuna atakayemdhuru, na kila asubuhi nilimsikia upande wa pili akipuliza jiko, nikaiacha.

Chacha ndiye aliyekuja. Alikuja bila kofia, mchana, akasimama nje ya lango la boma mpaka Dani akamwita. "Mkuria, unaogopa nini? Sina ng'ombe." Hakucheka. Alikunywa chai aliyopewa, akaizungusha kikombeni, kisha akasema, "Mama, ile gogo ya mzee. Msiingoje tena. Waliipasua wakatengeneza viti. Viko kule juu, mahali wageni watakuwa wanakaa kuangalia nchi. Viti vya asili, wanaviita." Dani aliuliza kama vimekatwa vipande vingi. Chacha akasema ni vinne, virefu, vimepakwa vanishi. Akaongeza, akiangalia chini, kwamba kesho zamu ni yake peke yake. Mwezi uliofuata alihamishwa, sijui wapi, na sijui kama ni kwa sababu yetu. Nimefikiria jambo hilo kuliko alivyolifikiria yeye, pengine.

Kesho yake, jua likiwa juu, Dani alichota makaa jikoni kwake akayaweka kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akayafunika kwa majivu. Nikamuuliza atatokaje langoni. "Nikibeba jiko langu," akasema, "bado niko nyumbani." Alipita lango la boma bila kutazama kulia wala kushoto, nami nyuma yake, na tulipopita nyumba ya Ajwang' tukamwona ameketi barazani amevaa fulana ya kijani ya kamati. Dani hakumwita. Tulikuwa tumefika mbali kidogo niliposikia hatua zake nyuma yetu. Kwenye lango la msitu Chacha alitazama chungu. "Mama, na hiyo ni nini?" "Ni uji." Moshi ulikuwa ukipanda kati yao. "Uji moto," Chacha akasema, akafungua, akaenda kusimama upande wa pili wa kibanda chake.

Barabara mpya ilikuwa pana, nyekundu, imejaa vumbi, na pembeni yake visiki vilikuwa vimepakwa namba. Kule juu walikuwa wamesawazisha uwanja na kuuzungushia mawe meupe. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine mashamba ya miwa mpaka Awendo, na katikati viti vinne, vinang'aa kama peremende iliyonyonywa. Dani aliviona akasimama. Alikiendea cha kwanza akakigusa kwa kiganja chote, polepole, mpaka mwisho wake, halafu akanusa kiganja, uso ukamkunjamana. Aliniambia nikusanye majani makavu. Nilikusanya. Akili yangu ilikuwa ikiorodhesha mashtaka: uharibifu wa mali, uchomaji, kuingia na moto kwenye msitu. Yeye alivisukuma viti viwili pamoja, akashindwa na vile vingine, na hapo Ajwang' aliyekuwa amesimama mbali akaja akashika upande mmoja. Walivikutanisha vyote. Dani akampa chungu. Yeye hakukipokea. "Nyar Uriri," akasema, "watanifukuza kwenye kamati." "Watakufukuza," Dani akakubali. "Wewe ndiye ndugu yake. Mimi siwezi kuuwasha." Alikuwa bado ameinua chungu kwa mikono miwili. Ajwang' alivua ile fulana ya kijani, akaikunja, akaitumia kukishika chungu kisimwunguze, akapiga magoti akamimina makaa kwenye majani.

Vanishi ilishika haraka, kwa miali mirefu ya njano, na harufu yake ilikuwa mbaya, tamu na ya kuunguza, harufu ya ofisi, ikatuingia kooni tukakohoa sote watatu. Nilirudi nyuma. Dani hakurudi. Aliketi chini, kwenye udongo uliosawazishwa, miguu ameinyoosha mbele, Ajwang' akaketi kando yake akiwa na fulana ya ndani tu. Tuliacha rangi yao iungue yote. Ilichukua muda. Halafu moto ukashuka, ukatulia, ukawa mwekundu, na upepo ulipogeuka nikasikia kwa mara ya kwanza harufu ya mzeituni wenyewe. Dani akamgusa Ajwang' begani. "Haya," akasema. "Anza. Mzungumzie."